Hesabu pumzi kabla ya kutafuta jina la ugonjwa

Nilipoanza zamu za usiku katika chumba cha dharura hapa Bukavu, nilikuwa na mazoea ya kutafuta jina la ugonjwa kabla ya kumtazama mgonjwa mwenyewe. Usiku mmoja aliletwa kwa pikipiki msichana mwenye homa kali asiyeitika, na kwa kuwa kipimo kilionyesha malaria, sote tulihangaikia dawa ya malaria. Karibu saa nzima ilipita ndipo muuguzi aliyenitangulia kazini akauliza sukari yake ni ngapi. Ilikuwa miligramu 34 kwa desilita, chini mno. Alipopewa glukosi kwenye mshipa alifumbua macho, akamwita mama yake.

Tangu hapo nafuata mpangilio uleule, kinachoua upesi kikitangulia: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu pamoja na sukari, kisha kumfunua mwili mzima. Glavu huvaliwa kwanza. Sisi wa Kivu tuliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020 hatuhitaji kukumbushwa. Anayeongea vizuri ana njia ya hewa iliyo wazi, lakini anayekoroma bila fahamu huenda ulimi umemziba, basi fungua njia hiyo kabla ya kuendelea.

Penye uzembe mkubwa ni kwenye pumzi, kwa maana mafaili yetu yamejaa “pumzi 20 kwa dakika” ambazo hakuna aliyezihesabu. Hesabu dakika nzima, ukiwa umeshika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, kwa sababu mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake huzibadilisha. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 25 simwachi, hata presha ikiwa nzuri, kwani mara nyingi pumzi huenda mbio saa kadhaa kabla presha haijaanguka.

Kwa mzunguko wa damu, gusa mikono kama ni baridi, bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 5 na uachie: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, shughulika.

Kila unapotoa tiba, rudi mwanzo, uandike saa kando ya kila namba. Na mama anayemlinda mgonjwa akikwambia, “Muganga, amebadilika,” inuka uende kitandani palepale, uanze tena na njia ya hewa.