Kuchapa Nyumbani Waraka Ulio kwenye Kompyuta ya Ofisini

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi nyumbani kwa kuingia kwenye kompyuta yangu ya ofisini kupitia Remote Desktop ya Windows. Kila ninapotoa amri ya kuchapa, karatasi hutoka kwenye printa ya ofisini ambako hakuna wa kuzichukua, ilhali printa yangu ipo hapa mezani, imewashwa na ina wino. Kwa sasa hujitumia faili kwa barua pepe kisha nikalichapa kwa kompyuta ya nyumbani. Je, hakuna njia fupi zaidi?

JIBU: Ipo, na yaelekea hutahitaji kununua wala kusakinisha chochote. Unapoingia kwenye kompyuta ya mbali, kazi yote hufanyika huko huko. Wewe huletewa picha ya skrini yake tu, na ndiyo maana amri ya kuchapa huishia kwenye printa ambayo kompyuta ile inaifahamu. Inakubidi, basi, uitambulishe printa yako kwake. Kabla ya kuunganisha, fungua programu ya Remote Desktop, onyesha machaguo yake yote, nenda kwenye kichupo kinachohusu vifaa vya kompyuta unayoitumia, kisha utie tiki kwenye kisanduku cha printa. Ikiwa umekwisha kuingia, kata muunganisho kwanza, uweke alama hiyo, ndipo uingie upya. Jina la printa yako litaonekana kwenye orodha ya printa za ofisini likiwa na maelezo kwamba imeelekezwa kutoka kwingine, pamoja na namba ambayo huweza kubadilika kila unapoingia.

Zamani kiendeshi cha printa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiamuru printa, kilitakiwa kiwepo pande zote mbili, jambo lililowasumbua wengi. Tangu Windows Server 2008 kuna utaratibu uitwao Easy Print, ambao huiwezesha kompyuta ya mbali kuutuma waraka katika muundo wa jumla, na kazi ya kuutafsiri kwa lugha ya printa ikabaki kwa kiendeshi kilichoko nyumbani.

Printa isipoonekana kabisa licha ya tiki, huenda wasimamizi wa mitambo ya ofisi wamezuia uelekezaji huo kwa makusudi ili nyaraka zisitoke nje. Hapo waombe ruhusa, usitafute njia ya kuwazunguka. Ikiwa inaonekana lakini haitoi karatasi, ichunguze VPN, yaani njia ya faragha inayoiunganisha kompyuta yako na mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Baadhi ya ofisi huipanga VPN ipitishe mawasiliano yote ya kompyuta yako, hivyo waraka hufika salama hadi kwenye kompyuta ya nyumbani, kisha ukakwama humo kwa sababu njia ya kuifikia printa kwa Wi-Fi imefungwa. Utalitambua tatizo hili pale ambapo karatasi zilizosubiri zitatoka zote mara tu unapoizima VPN. Tiba nyepesi ni kuiunganisha printa kwa waya wa USB, kwa kuwa waya huo haupiti kwenye mtandao.

Kwa waraka wenye picha nyingi, ambao huweza kuchelewa sana njiani, ni afadhali uuhifadhi kama PDF na kuunakili hadi nyumbani kupitia diski zako, ambazo huruhusiwa katika kichupo kile kile, iwapo ofisi haijazuia. Barua pepe siipendekezi, kwani huacha nakala za nyaraka za mwajiri mahali ambapo pengine hazikustahili kuwapo.

Huenda pia ukashauriwa uifungue ruta yako ili printa ifikiwe moja kwa moja kutoka kwenye intaneti, mara nyingi kupitia mlango wa mtandao (port) namba 9100. Usikubali hata kidogo: mlango huo kwa kawaida hauulizi nywila, na yeyote atakayeugundua anaweza kuituma printa yako ichape apendavyo. Na ukikutana na maelekezo ya kutumia Google Cloud Print, yapite tu, kwa sababu huduma hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020.