Nati za Toyota kwenye Nissan? Usikubali kabisa

Juzi dada mmoja kaniandikia, nati mbili za tairi zimepotea kwenye Nissan yake, gereji wakampa za Toyota eti zote za Mjapani zinaingiliana, sasa tairi inacheza. Nilivyosoma damu ikachemka maana hilohilo lilinikuta na Nissan X-Trail yangu na yule fundi mpaka leo sijamsamehe.

Nati zote mbili ni M12, yaani za bolti nene milimita 12, spana 21 ileile, kwa macho huoni tofauti. Ila Toyota jino hadi jino ni milimita 1.5, Nissan ni 1.25. Kwangu ile ya Toyota ikaingia kidogo ikagoma, nikamwambia fundi, kaka hiyo siyo yenyewe itoe, akanijibu nimwachie kazi yake, akachomeka bomba kwenye wili spana akakandamiza kwa mguu, krrr, ukadondoka unga wa chuma unang'aa. Stadi, ile bolti iliyochomoza kwenye habu inayoshika tairi, imekufa. Hela ya stadi mpya nikatoa mimi, pole sikupewa.

Basi nikaanza kufuatilia mambo ya uzi, yaani hayo meno ya nati na bolti, na sasa hivi mtaani naitwa mimi. Kuna mashine ya kusaga ya zamani ya Mwingereza, bolti nusu inchi, mafundi wameshindwa. Nikabananisha bolti mbili uzi kwa uzi, nikainua kwenye mwanga: mwanzo meno yanalala vizuri, mbele yanapandana. Ya mashine ilikuwa ya uzi wa Whitworth, mhandisi wa Kiingereza, meno 12 kwa inchi, waliyonunua ya Kimarekani, meno 13. Whitworth huyo alipanga uzi wake 1841 kwa pembe ya jino ya digrii 55, Wamarekani wakashika 60, mpaka 1948 ndo Marekani, Uingereza na Kanada wakasaini uzi mmoja, ila mashine za zamani bado zinasaga.

Jamani, nati iingie kwa vidole, mizunguko yote, ndo ushike spana. Ikigoma itoe. Bomba hapana! Na dukani nenda na nati yako ya zamani mkononi, maana ukisema "bolti ya 12" utapewa ya spana 12 ambayo unene wa uzi wake ni milimita 8. Vidole kwanza, nasema tena.

Na wewe dada, hiyo gari usiiendeshe. Hizo nati zitolewe, stadi zilizoliwa zigongwe zitoke kwenye habu ziwekwe mpya, na nati uombe za M12 kwa 1.25, uzijaribu mwenyewe kwa mkono hapohapo kabla fundi hajazigusa.