Filamu ya dakika 2 kwa simu: hangaikia sauti kwanza

Unauliza kama simu inatosha kwa filamu ya darasani ya dakika 2. Kwa picha, inatosha. Kinachoharibu kazi nyingi za wanafunzi ni sauti. Azima simu ya pili, iwe inarekodi karibu na msemaji, nje ya picha. Piga makofi mara moja mbele ya kamera ili uoanishe sauti na picha wakati wa kuhariri. Zima feni. Mkimaliza, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, uzitandaze chini ya mazungumzo wakati wa kuhariri, maana bila hizo kila mkato utasikika.

Muswada usizidi kurasa 2, wahusika 2, eneo moja. Mwanga na fokasi (ukali wa picha) vifunge visibadilike, kwa kushikilia kidole kwenye skrini ya kamera pale uso wa mhusika unapoonekana, la sivyo picha itang'aa na kufifia kila anaposogea.