Kandambili za Baba Yako

Mwanangu,

Umeniandikia kwamba unataka mradi wa picha wa kwako mwenyewe, wa kuchekesha, unaotokana na maisha ya hapa nyumbani, ila kila ukishika kamera unaona nyumba yetu haina cha kupiga. Nimecheka peke yangu, maana nilipokuwa nasoma, kandambili za baba yako zilikuwa juu ya tangi la maji.

Unazijua: moja ya bluu, moja ya kijani, pacha zao zilibebwa na mbwa wa jirani. Kila anayekwenda bafuni au bandani kwa kuku huziazima, harudishi mtu, na alfajiri baba yako huzitafuta pekupeku akituhoji kwa sauti ya mwenyekiti wa mtaa. Mradi wako ndio huo. Zipige pale pale utakapozikuta, usizisogeze hata kidole kimoja.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya ile picha ya studio iliyoko sebuleni. Ulikuwa na miaka mitatu. Mpiga picha alitupanga mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, katika Dodoma hii ya vumbi, akatukataza kupumua. Tumekaa kama watu wanaosubiri hukumu. Kinachonichekesha hadi leo ni wewe kuvaa kiatu kimoja. Yule bwana hakukuona. Angekuona, angekutafutia cha pili.

Kamera ya mjomba wako ilikuwa inachukua filamu ya picha 36, tukazihesabu kama sukari ya mwisho wa mwezi. (Ile filamu iliyoungua yote kwa mwanga ulipofungua mgongo wa kamera siku ya Idi, nimeshakusamehe. Au nakaribia.) Simu yako inakupa maelfu, ndiyo maana unapita bila kuangalia. Jiwekee 36 kwa mwaka mzima: tatu kila mwezi ukija, na tangu treni ya SGR ifike huku 2024 huna kisingizio.

Mwaka usiukatishe. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Januari utazikuta kandambili na tope jekundu hadi kwenye mikanda; Agosti upepo utakuwa umezifanya zote rangi moja, labda zimeachwa chini ya mizabibu wakati wa mavuno ya pili.

Saa sita mchana usihangaike. Jua la huku linapiga utosini, kivuli kinajificha chini ya soli, na kandambili zitaonekana kama zimebandikwa ardhini. Toka saa moja kasoro asubuhi, mwanga ukiwa unatokea ubavuni. Halafu lala kifudifudi, kamera iwe usawa wa soli. Ukizipiga kwa juu umesimama, utapata picha ya vitu vilivyopotea. Ukizipiga ukiwa chini, utadhani zina safari.

Bibi yako usimwingize bila kumwomba. Hapigwi picha bila kilemba, na ana haki.

Baba yako nimeshamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kama zimekuwa kichekesho, kesho atapita sokoni anunue mpya. Nimemkatalia. Avumilie hadi mwakani.

Mama yako