Patanti inatosha kufungua chumba cha masaji?

Ndugu uliyeuliza kama patanti inatosha kufungua chumba cha masaji Kamalondo baada ya mafunzo ya wiki tatu: patanti ni kodi. Mimi nilipochukua yangu hapa Lubumbashi, niliulizwa kama nimelipa. Kuhusu mwili wa mtu sikuulizwa hata neno.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja shofere wa lori, papa mmoja aliyekaa siku nne kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, analala humo humo kwenye kabini. Alilalamikia shavu la mguu wa kushoto. Nikasema huu ni uchovu, nikapaka mafuta, nikaanza kubonyeza. Mguu ulikuwa umejaa, ngozi imevutika, na ulikuwa wa moto. Nikagusa wa kulia: baridi, laini. Bosi aliyenifundisha angeendelea, maana kwake maumivu ni dalili kwamba dawa inaingia. Mimi mikono ilikataa tu, hata sababu sikuijua. Nilimpandisha teksi hadi hopitali. Ekografi, ile picha ya ndani ya mwili, ikaonyesha damu imeganda ndani ya mshipa. Daktari alinieleza bila hasira, jambo lililoniuma zaidi: bonge lile likibanduka linapanda hadi mapafuni, na mtu anaweza kufa palepale. Papa alipona. Mimi nilifunga chumba wiki nzima.

Ufaransa walianzisha diploma ya serikali ya kine, yaani mtaalamu wa kutibu viungo na misuli kwa mikono na mazoezi, tangu 1946. Jimbo la New York linadai saa 1,000 za masomo, kisha mtihani. Wengine hapa wanacheka, saa zote hizo za kukanda mgongo! Kubonyeza kweli utakujua kwa wiki tatu. Ila humo kuna anatomia na magonjwa, yaani kujua mguu upi usiuguse.

Kwa hiyo kabla ya kukodi chumba, omba kine wa hopitali ukae naye miezi kadhaa, hata bila malipo. Na mteja akiingia, uliza kabla ya kufungua chupa ya mafuta: amepasuliwa karibuni? Amejifungua? Ametoka safari ndefu? Anakunywa dawa za kuzuia damu isigande? Mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake? Aliyeanguka na kuvunjika usimguse kabisa, hata akikulilia. Shingo usiizungushe ili ilie, hiyo michezo unayoiona kwenye video waachie wenyewe. Taulo lisisogee bila mteja kukubali, na mlango yeye ndiye aseme ufungwe au ubaki wazi.

Habari ya bei waulize wengine, mimi nilianza chini mno na mpaka leo wateja wa zamani wananidai bei ileile.