Ndege imeshalipiwa, mbona haiji?

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni fundi mstaafu wa ndege za abiria, mkazi wa Pasiansi, Mwanza.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi natengeneza mota za mitumbwi hapa mwaloni Kirumba. Jioni tukishafunga kazi huwa tunabishana habari za dunia. Juzi ubishi ulikuwa Uturuki. Mwenzangu anadai Uturuki iko NATO, ule umoja wa kijeshi wa Marekani na nchi za Ulaya, ina pesa na ina jeshi kubwa, lakini Marekani iliinyima ndege za kivita za F-35, tena baada ya Waturuki wenyewe kushiriki kuzitengeneza. Mimi nikamwambia haiwezekani, mwenye pesa hanyimwi. Tuamue. – Kijana wa Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako amekushinda. Mnunulie chai, kisha ukae usome, maana jambo hili lina mengi.

Uturuki ilikuwa mshirika katika mradi wa F-35, na viwanda vyake vilikuwa vinatengeneza baadhi ya sehemu za ndege hiyo. Wakati huohuo ikanunua kwa Warusi mitambo ya kutungulia ndege, S-400. Shehena ya kwanza ilitua Julai 2019, na mwezi huohuo Marekani ikaitoa Uturuki kwenye mradi. Hoja ya Wamarekani ilikuwa kwamba rada ya Mrusi ikikaa jirani na F-35 itajifunza namna ya kuiona, na F-35 thamani yake kubwa ni kutoonekana kirahisi na rada. Desemba 2020 wakaongeza vikwazo kwa ofisi ya Uturuki inayosimamia ununuzi wa silaha.

Mwaka 2021 Waturuki wakaomba ndege za zamani kidogo, F-16 mpya 40, pamoja na vifaa vya kuboresha 79 walizokuwa nazo. Hapo ndipo utaona siasa inavyofanya kazi. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1976, serikali haiwezi kuuza silaha kubwa nje bila kulitaarifu Bunge lao, na kwa desturi husubiri kwanza wakuu wa kamati za mambo ya nje waridhie. Mwenyekiti wa kamati hiyo katika Seneti, baraza la juu la Bunge hilo, Bob Menendez, alilikalia ombi la Uturuki. Alitaja haki za binadamu, akataja na jinsi Uturuki inavyoishi na jirani yake Ugiriki. Uturuki nayo ilikuwa imelikalia ombi la Sweden la kuingia NATO. Januari 2024 Bunge la Uturuki likaipitisha Sweden, na siku chache baadaye serikali ya Marekani ikatangaza kuidhinisha zile F-16. Sweden haikuwa inanunua wala kuuza chochote katika biashara ile, lakini ndiyo iliyofungua mlango.

Sasa nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Mtu akinunua mota ya Yamaha dukani mjini, akishalipa imekuwa yake. Akitaka atavulia sangara, akitaka atamwazima shemeji yake wa Ukara, akitaka atauza. Muuzaji hamfuati ziwani. Ndege ya kivita haiko hivyo. Mkataba wake unasema huruhusiwi kuiuza wala kuigawa bila ruhusa ya aliyekuuzia. Kuifunga silaha ya nchi nyingine nako ni maombi. Na vipuri vyake huvipati Kariakoo. Vinatoka kulekule ilikotengenezwa, kwa kibali, na kibali hutolewa na wanasiasa.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ndege ndogo za abiria, sikuwahi kuvaa gwanda. Lakini najua ndege kukaa chini inauma vipi. Kuna mwaka Cessna moja tuliyokuwa tunaihudumia ilikaa wiki tano ikisubiri kipuri kinachoenea kiganjani. Kipuri chenyewe kilishalipiwa, kilichokuwa hakijakamilika ni karatasi. Kila asubuhi nilikuwa naifuta vumbi, naangalia matairi, nazungusha pangaboi kwa mkono kidogo, basi. Ile ilikuwa ndege ya watu watano na hakuna nchi iliyokuwa imegombana na nchi. Sasa tazama pale nchi zinapogombana: Iran ilikuwa imepokea ndege za kivita F-14 zipatazo 79 kutoka Marekani kabla ya mapinduzi ya 1979. Urafiki ukavunjika, na milango ya vipuri ikafungwa palepale. Mafundi wao wameishi miongo na miongo wakichonga vifaa wenyewe na kuvua ndege moja ili kuvisha nyingine. Mimi nawaonea huruma mafundi wale kuliko wanasiasa wao.

Kisa kinachonikaa moyoni zaidi ni cha Pakistan. Waliagiza F-16 na wakawa wanalipa. Oktoba 1990 sheria ya Marekani ikabana: rais alitakiwa kuthibitisha kila mwaka kwamba Pakistan haina bomu la nyuklia, na mwaka ule hakuthibitisha. Ndege 28 zilizokuwa zimekwisha kuundwa zikapelekwa kuegeshwa jangwani Arizona. Zilikaa hapo miaka, mpya kabisa, wenyewe wakiwa wamelipia na hawawezi kuzirusha. Ilifika Desemba 1998 ndipo wakakubaliana kurudishiana, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa bidhaa, ikiwemo ngano. Hebu fikiria umelipia mota, miaka minane baadaye unaletewa magunia ya ngano.

Usidhani pia mwenye neno ni yule mliyeandikishana naye tu. Argentina ilitaka kununua ndege za kivita FA-50 za Korea Kusini. Mwaka 2020 kampuni ya Korea ikawaandikia kwamba haitaweza, kwa sababu ndani ya ndege ile mna vifaa sita vikubwa vya Kiingereza, na Uingereza imeizuilia Argentina silaha tangu vita vya visiwa vya Falkland vya 1982. Mkorea alitaka kuuza na Muargentina alitaka kununua, lakini Mwingereza aliyekuwa mbali na meza ile ndiye aliyeamua. Mwishowe, mwaka 2024, Argentina ilisaini kununua F-16 24 zilizotumika, kutoka Denmark. Kwa hiyo anayetaka kununua ndege asiishie kuuliza mwendo na silaha. Aulize injini ni ya nani. Ndege ya kivita Gripen ni ya Sweden, lakini injini yake asili yake ni General Electric ya Marekani. JF-17 ya China na Pakistan inaruka kwa injini ya Mrusi.

Mnaweza kusema mzee anashabikia vita. Hapana. Mwaka 1979 nilikuwa mtoto wa miaka 12 hapahapa Mwanza wakati ndege ya Libya, Tupolev Tu-22, ilipokuja kumsaidia Idi Amin. Ililenga matangi ya mafuta ya mji wetu, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Mama alituvuta chini ya kitanda. Tangu siku ile sijawahi kuona ulinzi wa anga kuwa ni mambo ya wakubwa huko Dodoma na Dar es Salaam. Nataka nchi iwe na ndege zinazoruka, na ndiyo maana nakasirika ndege ikilipiwa halafu ikakaa chini kwa sababu hakuna aliyesoma masharti.

SWALI: Za siku fundi. Nafundisha shule ya msingi Musoma. Umezoea kutueleza vikwazo vya nchi inayouza. Je, nchi inayonunua haina wa kuzuia? Na ile chenji ya rada iliyoleta vitabu mashuleni inahusiana na mambo haya? – Mwalimu wa Musoma

JIBU: Salama mwalimu. Wa kuzuia yupo, na mimi napenda awepo.

Uswisi wanawauliza wananchi wenyewe. Mei 2014 serikali ilitaka kununua Gripen 22, ikapigwa kura nchi nzima, asilimia 53.4 wakakataa, shughuli ikafa. Septemba 2020 wakaulizwa tena, safari hii kuhusu faranga bilioni 6 za ndege mpya, wakakubali kwa asilimia 50.1. Tofauti ile unaweza kuiingiza kwenye uwanja wa mpira wa Kirumba.

Kwa majirani zetu ng'ambo ya ziwa ilikwenda kinyume. Mwaka 2011 Uganda ilinunua ndege za kivita Su-30 sita kwa Mrusi. Fedha zilichotwa Benki Kuu kwanza, na Bunge likaletewa kuidhinisha baadaye. Mrusi hakuwa na masharti ya haki za binadamu, wala hakuwa na kamati ya Seneti ya kulikalia ombi, kwa hiyo ndege zilifika upesi. Lakini mbunge anayeulizwa baada ya fedha kutoka ameulizwa nini? Hilo mimi siliwezi kulikubali, liwe Kampala au kwetu.

Rada yetu haikuwa ndege, ila ilipita njia hiyohiyo ya vibali. Ilikuwa mitambo ya kuongozea ndege, za kiraia na za kijeshi, kwa pauni milioni 28 kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno kwa nchi kama yetu. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga waziwazi. Waziri Mkuu Tony Blair akaiunga mkono, na kibali kikatoka mwishoni mwa 2001. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani huko kwao kwamba haikutunza ipasavyo hesabu za biashara hiyo. Ikatozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaletwa kwa Watanzania. Ndiyo chenji mnayoisema, iliyonunua vitabu na madawati. Wanafunzi wako wakifungua kitabu cha namna hiyo, waambie kimetoka kwenye rada. Watakumbuka maisha yao yote.

SWALI: Ndugu yangu fundi, nilikuwa kijana Dar es Salaam mwaka 1965. Nakumbuka Wajerumani waliokuwa wanafundisha marubani wetu waliondoka ghafla. Nikiwasimulia wajukuu wanasema nimechanganya na ukoloni. – Mzee wa Nansio, Ukerewe

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hujachanganya. Walikuwa Wajerumani Magharibi, ndio waliotusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na baada ya Muungano Mwalimu Nyerere akakubali hao wa Mashariki wawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, haikuvumilia, mwanzoni mwa 1965 ikawaondoa watu wake wa kijeshi. Mwalimu akakataa hata misaada yao mingine iliyokuwa imebaki. Wakaja Wakanada na ndege za Otter na Caribou, wakakaa hadi 1970, kisha Wachina. Ndege za kivita MiG-21 tulizipata kwa Warusi mwaka 1974.

Kama umebakiwa na picha ya siku zile, mpe mjukuu mmoja aje nayo kwa meli ya Nansio. Nitaipiga nakala na kukurudishia ileile kwa mkono wake.