Sukari imeshuka, dawa ya kolesteroli ya nini?
Dada, umeuliza kwa nini baba yako wa Mbagala, mwenye kisukari, ambaye kipimo cha sukari sasa kinasoma 6 mmol/L asubuhi, bado kaandikiwa dawa ya kolesteroli. Mishipa ya damu ina kumbukumbu. Sufuria ikishaunguza wali, kuzima moto hakuondoi harufu.

Sukari ikikaa juu, vimeng'enya hubandika alama za methili (vibandiko vidogo vya kikemia) kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imejizungusha. Herufi za jeni hazibadiliki, ila jeni zinazochochea uvimbe ndani ya mshipa zinabaki wazi, yaani zimewashwa. Maabara, seli za mshipa zilizokaa kwenye sukari nyingi saa 16 tu (16!) bado zilikuwa na alama hizo siku 6 baada ya kurudishwa kwenye sukari ya kawaida.

Kwa watu pia imeonekana. Utafiti wa kisukari uitwao DCCT, Marekani na Kanada, 1983 hadi 1993: wagonjwa wa kisukari cha aina ya 1 waliobana sukari mapema walikuja kupata matatizo ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42 kuliko kundi lililotibiwa kwa njia ya kawaida, ingawa baada ya utafiti sukari za makundi yote mawili zilishakaribiana.

Kwa hiyo mzee asiache vidonge vya kolesteroli, vinavyolinda mishipa hiyo, kwa ajili ya hiyo 6. Na figo zake, ambazo nazo zina mishipa ya damu, zimepimwa lini?